Nani Anahesabiwa? Tanzu na Daraja za Tamthilia za Televisheni

Darasani tunafundishwa kwamba tamthilia ni utungo ulioandikwa ili uigizwe jukwaani. Nenda Majengo, Songea, uulize tamthilia ni nini; utaonyeshwa televisheni. Kule tanzu zimekwishagawanywa bila msaada wa mhakiki: za Kikorea, za Kituruki, za Kifilipino, na zetu. Filamu nazo ni za ngumi, za mapenzi, za Kihindi. Mgawanyo huu unachanganya nchi na maudhui, lakini unafanya kazi, maana kila mtu anajua anachokwenda kuangalia.

Daraja ndilo lenye utata. Njia ya kwanza ni kuhesabu watazamaji, kazi ambayo kampuni ya Nielsen ya Marekani ilianza kuifanya kwa televisheni mwaka 1950, kwa kuchagua nyumba chache ziwakilishe nyingi. Tuchukue nyumba 100 zenye televisheni. Saa mbili usiku 50 zimewasha, na 20 kati ya hizo zinaangalia tamthilia moja. Kiwango chake ni 20, lakini mgawo wake ni 40, kwa kuwa mgawo unahesabu waliowasha tu. Kipindi cha mwisho cha M*A*S*H, Februari 1983, kilipata kiwango cha 60.2 na mgawo wa 77. Hayo si mchezo, bwana!

Njia ya pili ni alama, kama zile za IMDb, 1 hadi 10. Katika orodha yao ya filamu bora 250, filamu yenye kura chache huvutwa kuelekea wastani wa zote, isije ikapanda kileleni kwa kura za ndugu na jamaa.

Sina ugomvi na hesabu yenyewe. Ila nilipoomba kufanya utafiti wangu wa mwaka wa tatu juu ya tamthilia moja ya hapa nchini, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa, ina alama ngapi mtandaoni? Ilikuwa na kura chache mno, mada ikakataliwa. Sasa jamani, hadhira inayopiga kura kule ni ipi?

Bibi yangu hana intaneti. Sebuleni kwake, likizo iliyopita, nilihesabu watu 14 mbele ya televisheni moja: watoto wa jirani mkekani, vijana wawili dirishani. Kwa hesabu ya nyumba, hao wote ni moja. Tena hawakai kimya. Bibi anamkaripia mhusika, anamtabiria mabaya, watoto wanaitikia kama wako kwenye ngano. Asubuhi anakwenda mashine ya kusaga na kuwasimulia wenzake kisa chote kwa Kingoni, na kuna mama mmoja pale ambaye hana televisheni kabisa lakini anaifuata tamthilia ile tangu mwanzo.

"Mjukuu wangu," aliniuliza bibi, "hayo madaftari unaandika nini?" Nikamwambia naandika majina ya wanaosikiliza. Akanitajia wengine watatu niliowasahau.