FUKUSI NA DUMUZI SI NDUGU

Wengi wetu tukiona mdudu katika mahindi husema "ni fukusi hao" na kumaliza maneno. La hasha! Wako wawili, na anayewachanganya hununua dawa akapoteza pesa bure.

Fukusi twamjua sote. Aghalabu tumekutana naye kwenye githeri, akielea juu ya mchuzi bila haya. Ana mdomo mrefu kama mkonga wa ndovu. Jike hutoboa punje kwa mdomo huo, akataga yai, kisha akaziba tundu. Mtoto hula punje kutoka ndani, na siku ya kutoka huacha tundu la mviringo. Ndiyo maana debe la mahindi huonekana limejaa, kumbe ni maganda matupu.

Sasa dumuzi ni mambo mengine kabisa! Huyu si mwenyeji. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Aligunduliwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka wa 1983 akaonekana huku kwetu Taveta. Wakulima wengine humwita Osama. Mkonga hana. Kichwa amekiinamisha chini ya kifua, ukimtazama kutoka juu hukioni, na nyuma ni kama amekatwa kwa kisu. Hutoboa ovyo, akitoka punje hii akiingia ile, na ukifungua ghala unakuta unga. Muhogo mkavu pia hauponi, hata mbao za ghala. Huko Tanzania ilipimwa hasara iliyofika asilimia 34 ya uzito wa mahindi yaliyowekwa na magunzi yake, kwa miezi michache tu!

Shida ya dawa ni hii. Pirimifosi-methili humwua fukusi vizuri lakini dumuzi huistahimili. Pemethrini humwua dumuzi lakini haimtishi fukusi sana. Kwa hivyo unga wa dawa unaofaa ni ule wenye zote mbili. Soma pakiti kabla ya kulipa. Tena dumuzi hupenda mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, maana punje zimeshikamana naye anapata pa kujikita, na dawa haimfikii huko ndani. Mahindi yakaushwe sawasawa na kupukuchuliwa, ndipo yachanganywe na dawa.

Mwaka wa 1992 aliletwa Kenya mdudu mwingine anayemwinda dumuzi, kutoka kwao huko huko. Anamla kweli, lakini hajammaliza.

Na kama hujui umevamiwa na yupi, chekecha mahindi kidogo juu ya karatasi. Unga ukiwa mwingi, huyo ni dumuzi.