Ufuo na Maji: Funzo la Kibera kwa Asembo Bay
Mwezi Mei 2020, Ziwa Viktoria lilipanda hadi kuvunja rekodi ya mwaka 1964. Kwa wakazi wa Asembo Bay, Rarieda, hilo ni onyo: uwanja wa umma ufuoni haupangwi bila kuhesabu maji.

Mfano upo humu nchini. Mwaka 2006, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianzisha shirika la usanifu la Kounkuey Design Initiative. Huko Kibera, kando ya Mto Ngong, shirika hilo na wakazi wamegeuza sehemu zilizojaa taka kuwa viwanja vyenye kumbi, vyoo na mahali pa watoto kuchezea. Kingo huimarishwa kwa mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya, na vikundi vya wakazi ndivyo husimamia viwanja.

Ufuoni, somo ni lilelile. Mwanafunzi anayechora banda la wauza omena aanze kwa kuwauliza wazee maji yaliwahi kufika wapi. Aache miti na mafunjo yanayoshika udongo. Kisha akubaliane na BMU, kabla ya jiwe la kwanza, ni nani atakayeshika ufunguo.