Stempu za BIOT: Jinsi ya kuzitambua, na kwa nini zimekataliwa

Ukipitia kurasa za wauza stempu mtandaoni, hutakosa kukutana na herufi hizi nne: B.I.O.T. Picha zake zinavutia: samaki, ndege, meli. Lakini hizi ni stempu za visiwa ambavyo wenyeji wake walihamishwa kwa lazima, na tangu 2021 Umoja wa Posta Duniani (UPU) hauzitambui tena.

Hivi zilitoka wapi? Na utazijuaje?

BIOT ni wapi?

Ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi. Novemba 1965, Uingereza iliimegua Chagos kutoka Mauritius, ikaongeza visiwa vya Aldabra, Farquhar na Desroches kutoka Ushelisheli, ikaunda koloni jipya. Wakati huo Mauritius na Ushelisheli zote zilikuwa bado chini yake.

Lengo lilikuwa kuipa Marekani kituo cha kijeshi katika kisiwa cha Diego Garcia. Kati ya 1968 na 1973, wakazi wa Chagos, wanaokadiriwa kuwa kati ya 1,500 na 2,000, waliondolewa wote. Wengi walishushwa Mauritius na Ushelisheli. Walikuwa watu wa mashamba ya minazi, wengi wakiwa wazao wa watumwa waliotolewa Madagascar na Msumbiji.

Sasa angalia tarehe. Stempu za kwanza za BIOT zilitoka 17 Januari 1968. Mauritius ilipata uhuru 12 Machi 1968, yaani chini ya miezi miwili baadaye. Watu wakawa wanaondolewa huku stempu zikitolewa.

Utazitambuaje?

1. Maandishi ya juu. Zile za kwanza kabisa ni stempu za Ushelisheli zilizochapwa B.I.O.T. juu yake, kwa hiyo jina SEYCHELLES bado utaliona. Ni mtindo uleule wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, stempu za Sultani zilipopigwa neno JAMHURI. Chukua kioo cha kukuzia uhesabu nukta: kuna chache zilizokosa nukta moja, na wakusanyaji huzitafuta sana.

2. Jina kamili. Baadaye mwaka huohuo wa 1968 zikaja stempu zenye picha za viumbe wa baharini, na jina la koloni likaandikwa kwa kirefu.

3. Fedha. Ukiona rupia na senti, hiyo ni ya miaka ya mwanzo. Ukiona pauni au herufi ndogo "p" baada ya namba, hiyo ni ya karibuni.

4. Picha za Aldabra. Usishangae ukizikuta. Visiwa vitatu vya Ushelisheli vilirudishwa nchi hiyo ilipopata uhuru, Juni 1976. Baada ya hapo BIOT ilikaa kimya miaka mingi, ikaanza tena kutoa stempu mwaka 1990.

Mhuri ndio wenye habari

Wanaoanza kukusanya huangalia picha tu. Wazoefu huangalia mhuri.

Baada ya 1973 hapakuwa tena na raia wa kuandikiana barua Chagos. Waliobaki ni wanajeshi, maofisa na wafanyakazi wa kituo. Wanajeshi wa Marekani nao wana posta yao ya kijeshi, na hutumia stempu za Marekani. Kwa hiyo stempu nyingi za BIOT zilinunuliwa na wakusanyaji walio mbali, na hazikuwahi kusafirisha barua yoyote.

Ndiyo maana bahasha iliyosafiri kweli, yenye mhuri wa Diego Garcia wa kati ya 1968 na 1971, ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni miaka ya mwisho ya wenyeji kisiwani humo. Ukiipata, usiibandue stempu. Itunze bahasha nzima.

Kwa nini zilikataliwa?

Februari 2019, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Chagos ilitengwa na Mauritius kinyume cha sheria, na Uingereza inapaswa kuondoka haraka iwezekanavyo. Mei mwaka huo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6.

Agosti 2021, mkutano mkuu wa UPU mjini Abidjan ukapiga kura kwamba umoja huo hautazisajili wala kuzisambaza tena stempu za BIOT. Unaweza kusema ni karatasi tu, lakini stempu ni tamko la nchi: hapa ni petu. Mauritius ililijua hilo.

Mei 2025, Uingereza na Mauritius zilisaini mkataba wa kuirudisha Chagos kwa Mauritius, huku kituo cha Diego Garcia kikikodishwa kwa miaka 99.

Je, kuzikusanya ni kosa?

Hapana. Uamuzi wa UPU unahusu kutuma barua. Haugusi albamu yako. Ila kabla hujalipa, mwombe muuzaji picha ya mbele na ya nyuma, na usikubali neno "adimu" bila ushahidi, hasa kwa stempu mpya ambazo hazijatumika.

Na ukiibandika kwenye albamu, andika pembeni yake miaka hii: 1968 hadi 1973. Atakayeikuta baadaye ajue kwamba visiwa hivyo vilikuwa na watu.