Je, Wajua Sikio Nalo Lina Lugha Yake?

Msomee mwanafunzi aliyekulia katika Kiswahili maneno matatu ya Kiingereza, "hat", "hut" na "hurt", kisha mwulize amesikia nini. Mara nyingi atakuambia umerudia neno lilelile. Masikio yake ni mazima kabisa. Ila Kiswahili kina irabu 5 tu, na Kiingereza cha Uingereza kina takriban 20, ukihesabu na zile za kuunganika. Sauti zote tatu huangukia kwenye "a" yetu.

Mazoea haya huanza utotoni. Mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 wanaolelewa kwa Kiingereza hutofautisha sauti za Kihindi zinazowashinda watu wazima wa lugha yao. Wakikaribia mwaka mmoja, uwezo huo hufifia. Mtoto bado anabwabwaja, na sikio limeshaamua ni tofauti zipi za kujali.

Ajabu zaidi, sikio huweza kuongeza kisichokuwepo. Mwaka 1999, Emmanuel Dupoux na wenzake waliwasikilizisha Wajapani neno la kubuni, "ebzo". Kijapani hakiruhusu "b" na "z" kugusana hivyo, basi Wajapani wakasikia "ebuzo". Wafaransa hawakuisikia hiyo "u", kwa sababu haikuwepo.

Kuna na suala la mkazo. Sisi tunaikazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mkazo hutudokezea kwamba neno linaelekea kwisha. Katika Kiingereza, maneno mengi huanza na mkazo. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya msemaji wa redio ya Kiingereza kuonekana anakimbia mno: tunakata maneno pasipo mahali pake.

Kwa hiyo mwalimu anayefoka "Sikiliza vizuri!" anamwonea mwanafunzi. Kinachosaidia ni mazoezi ya kusikia sauti hizo kwa vinywa vingi tofauti, wanawake kwa wanaume, huku mwanafunzi akiambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. Wajapani waliofunzwa hivyo kwa wiki chache katika miaka ya 1990 walitofautisha vizuri zaidi "r" na "l" za Kiingereza, hata kwa sauti za watu ambao hawajawahi kuwasikia. Matamshi yao nayo yakaboreka, ingawa hawakufundishwa kutamka chochote.