Ruzuku Itakwisha, Mtoto Atabaki

Watu wengi wasikiapo habari za maradhi ya akili humfikiria mtu mzima apitaye njiani akisema peke yake. Ni wachache wanaomfikiria mama aliyejifungua miezi 3 iliyopita, ambaye chakula hakimpiti kooni, usiku hapati usingizi, na mtoto wake amtazamapo usoni haoni jibu. Mama huyo ni mgonjwa. Ugonjwa wake huitwa sonona, nao humpata mkulima wa pamba wa Itilima sawasawa na mke wa karani mjini Bariadi.

Yatupasa tuelewe hasara yake. Ubongo wa mtoto hujengeka kwa kasi kubwa mno katika miaka ya kwanza ya maisha. Pamoja na uji na chanjo, mtoto hutaka kusemeshwa, kuchezeshwa na kujibiwa anapolia. Mlezi aliyelemewa na huzuni hushindwa kutoa hayo, ijapokuwa anampenda mwanawe. Basi amtibuye mlezi amemtibu na mtoto.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 2,140,497. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko Dodoma, na nauli ya kutoka Meatu mpaka huko si jambo dogo kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Yuko atakayeuliza: je, tutawapata wapi madaktari wa kutosha?

Jibu moja limetoka Pakistan. Huko, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wanawake wahudumu wa afya wa vijijini namna ya kuzungumza na akina mama wenye sonona. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Watoto walipofikia umri wa miezi 6, mama waliokuwa bado na ugonjwa walikuwa 23 katika kila 100 miongoni mwa waliohudumiwa hivyo. Miongoni mwa waliotembelewa na wahudumu wasiopewa mafunzo hayo, walikuwa 53 katika kila 100. Vijiji vyetu navyo vina wahudumu wa afya, na kazi kama hiyo hawaishindwi wakifundishwa na kusimamiwa vema.

Mara nyingi kazi ya namna hii huanzishwa kwa ruzuku za wafadhili. Hatuzikatai, kwa kuwa hulipia mafunzo na usafiri. Lakini kila ruzuku ina siku yake ya mwisho, na pengine siku hiyo huja kabla ya wakati. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na huduma nyingi za afya barani Afrika zikatikisika. Wazee walinena kweli kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Njia ya kujitegemea si ngeni kwetu. Kwa ajili ya lishe, Serikali iliziagiza halmashauri zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Mwaka 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Ikiwa tumbo la mtoto limepata fungu lake katika bajeti, akili yake na ya mlezi wake zinyimwe kwa sababu gani?

Kwa hiyo, ruzuku inapoingia wilayani, diwani na mfanyakazi waulize maswali matatu: Nani anafundishwa? Je, atabaki kijijini baada ya mradi kufungwa? Na ni fungu gani la halmashauri litakaloichukua kazi hiyo? Mradi usiokuwa na majibu haya utatuachia mabango na magari mabovu. Mtoto wa Bariadi aliyezaliwa leo hawezi kungoja mfadhili mwingine, maana miaka yake ya kwanza ikipita hairudi.