Kukwaza si Kuudhi

Jumapili moja, baada ya ibada, nilimsikia mzee mmoja wa kanisa letu akilalamika kwamba amekwazwa na vijana wa kwaya waliokuja kuimba wakiwa wamevaa viatu vya michezo. Mama mmoja aliyesimama kando yake akadakia kwamba yeye naye hukwazwa na mahubiri marefu. Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nyumbani, mazoea ya kazi yangu, ambayo ni kuyaandama maneno kama mwindaji aandamavyo nyayo, yalinirudisha kwenye neno lile. Mzee wetu alikuwa ameudhika. Hakuwa amekwazwa.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Asili yake ni kitenzi kukwaa, yaani mguu kugonga kisiki au jiwe hata mwenye mguu akapepesuka. Ndiko tupatako kujikwaa, na ndiko wahenga walikotoa ile methali isemayo heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kitenzi hicho kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha hutupa kukwaza, kama vile kujaa kunavyotupa kujaza na kupotea kunavyotupa kupoteza. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili aweza kukueleza jambo linalotokea hapo: mtenda si yule aangukaye tena. Mtenda ni yule aliyekiweka kisiki njiani, na aghalabu yeye huwa amesimama wima, mkavu, akitazama.

Waliotafsiri Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka wa 1952 walilitumia neno hili, pamoja na mwenzake kukosesha, kwa maana hiyo nzito ya kumfanya mtu atende dhambi. Nyuma yake kuna neno la Kigiriki, skandalon, ambalo hapo kale lilikuwa jina la kijiti cha mtego: mnyama akikigusa, mtego hufyatuka. Hakuna mnyama aliyewahi kuudhiwa na mtego. Hunaswa.

Sina ugomvi na mabadiliko ya maana. Ningekuwa mwanaisimu wa ajabu kama ningetaka maneno yasimame mahali pamoja kama vinyago, na lugha, nashukuru, haina polisi. Hata hivyo, kuna jambo tunalipoteza hapa. Kukwaza kukishakuwa sawa na kuudhi, basi mwenye haki ya kunung'unika huwa ni yule mwenye sauti kubwa, mwenye kiti cha mbele, mwenye wingi wa watu nyuma yake. Yule aangukaye kwa kweli, ambaye mara nyingi ni mchache na mnyonge, hubaki hana hata neno la kuyaelezea yaliyompata.

Nasema haya kwa sababu nimewahi kumkwaza mtu, na mtu huyo hakuwa Mkristo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo nilichofundisha kabla ya kuja hapa nilipo, wanafunzi wa idara yetu waliandaa karamu ya kuagana. Walichanga fedha, wakanunua mbuzi wawili na mchele. Darasa lilikuwa na wanafunzi takriban arubaini, na Waislamu miongoni mwao walikuwa watatu. Desturi ya nchi hii, kama ajuavyo kila mwalimu aliyewahi kuandaa sherehe, ni kumwita Mwislamu achinje ili watu wote wale chungu kimoja. Mwaka huo baadhi ya wanakamati walikataa. Walisema wao ni wengi, fedha ni zao, na haiwapasi Wakristo kula nyama iliyosomewa dua ya watu wengine. Mimi nilikuwa mlezi wa kamati. Nilisema mawili matatu ya kusihi, kisha nikawaacha waamue wenyewe, kwa kisingizio kwamba ni watu wazima. Mbuzi wakachinjwa nyuma ya jiko na kijana mmoja wetu.

Siku ya karamu wawili kati ya wale watatu waliuliza, wakaambiwa ukweli, wakala ndizi na kunywa soda. Wa tatu, kijana mpole aliyetoka Kaskazini Mashariki, alichelewa kufika. Alipofika alimwuliza mwakilishi wa darasa, "Nyama imechinjwa na nani?" Mwakilishi, ambaye labda alitaka kuepusha aibu, au labda aliona ni mzaha tu, akamjibu kwamba wamemwita mzee wa msikiti wa sokoni. Kijana akanawa mikono akala. Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka hapo. Nililisikia swali, nikalisikia na jibu. Nikaendelea kutafuna.

Msomaji aliyelelewa katika Biblia atakuwa amekwisha kukumbuka Korintho. Katikati ya miaka ya hamsini ya karne ya kwanza, Wakristo wa mji ule waligombana kwa jambo hili hili la nyama. Sehemu ya nyama iliyouzwa sokoni ilikuwa imetoka katika mahekalu ya miungu. Baadhi yao, waliojiita wenye maarifa, walisema sanamu si kitu, kwa hiyo nyama ni nyama. Wengine, waliokuwa wameiabudu miungu hiyo mpaka juzi, hawakuweza kuimeza bila dhamiri kuwachoma. Jibu la Paulo latuhusu sana sisi tuliosoma. Hakuwaambia wenye maarifa kwamba wamekosea. Aliwakubalia kwamba sanamu si kitu. Kisha akawaambia kwamba maarifa yao yaweza kumwangamiza mwenzao kwa kumtia moyo wa kutenda kile ambacho ndani yake anakiona kuwa uovu, na kwamba yeye mwenyewe angekuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kuwa sababu ya anguko hilo.

Wanakamati wetu walizijua sura hizo. Mmoja wao, tulipozungumza baadaye, alinijibu kwa ufasaha kwamba Paulo alimtaja ndugu, na ndugu maana yake ni Mkristo mwenzako. Ni hoja ya mtu asomaye, na haifai kubezwa. Lakini mwenye kuitoa hajafika mwisho wa mjadala. Katika sura ya kumi ya waraka huo, Paulo anapolifunga shauri la nyama, anawataja kwa majina watu wasiopaswa kukwazwa: Wayahudi, Wayunani na kanisa la Mungu. Katika orodha hiyo ya makundi matatu, mawili ni ya watu wa nje, nao ndio waliotangulia.

Na wazo hilo halikuanza na Paulo. Torati, katika kitabu cha Mambo ya Walawi, inakataza kumwekea kipofu kikwazo mbele yake. Walimu wa Kiyahudi waliliona agizo hilo kuwa pana kuliko mawe na vipofu wa macho. Katika Talmudi wanatoa mifano miwili: usimpe kikombe cha divai mtu aliyeweka nadhiri ya kutokunywa, na usimpe asiye Myahudi kiungo kilichokatwa kutoka kwa mnyama aliye hai, kwa kuwa hicho yeye naye amekatazwa. Tuutafakari mfano wa pili. Huyo ni mtu wa nje kabisa, asiyeifuata Torati, na bado dhamana ya mguu wake usijikwae imewekwa juu ya yule aliye ndani.

Najua kuna pingamizi moja lenye uzito zaidi. Mwenzangu mmoja, mhubiri hodari, huniambia kwamba kumvumilia mtu wa nje katika desturi zake ndiko kumkosesha, kwa sababu unamwacha apotelee njiani huku ukimchekea. Hutaja mfano wa mlinzi katika kitabu cha Ezekieli, ambaye asipopiga tarumbeta damu ya waliouawa hutakwa mkononi mwake. Sawa. Mwenye imani na aitangaze imani yake. Mimi nami huitangaza yangu. Lakini mlinzi alipewa tarumbeta. Hakupewa ruhusa ya kumvizia mtu gizani na kumtega mguu ili aanguke upande unaopendeza. Kijana yule hakuhubiriwa neno lolote usiku ule. Alidanganywa, akafanywa kutenda kinyume cha dhamiri yake, na hakuna hata hatua moja aliyosogezwa karibu na Injili. Kama alisogea, nadhani alirudi nyuma.

Wala jambo hili la nyama si dogo katika eneo letu. Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita nchini Tanzania, ugomvi kuhusu nani mwenye haki ya kuchinja uligeuka kuwa ghasia, na mchungaji mmoja akauawa. Damu ya mwanadamu ilimwagika kwa sababu ya swali la nani ashike kisu cha ng'ombe.

Hapa kwetu mgogoro umechukua zaidi sura ya kitambaa. Wazazi Waislamu wa shule moja ya sekondari katika kaunti ya Isiolo, iliyofadhiliwa na kanisa, walitaka mabinti zao waruhusiwe kuvaa hijabu pamoja na sare. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka wa 2015, Mahakama ya Rufaa ikawakubalia mwaka wa 2016, na mnamo Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo, hasa kwa sababu dai lenyewe halikuwa limefikishwa mahakamani kwa utaratibu ufaao. Mimi si mwanasheria. Najua tu kwamba Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asilazimishwe kutenda tendo lililo kinyume cha imani yake, na kwamba sheria, hata iwe nzuri namna gani, hukomea hapo kwenye kulazimisha. Mwakilishi wetu wa darasa hakumlazimisha mtu. Hakuna hakimu ambaye angemtia hatiani, wala mimi. Kukwaza huanzia pale sheria inapoishia, na ndiyo maana nashangaa kuwaona wakuu wa shule walio Wakristo wakiuliza kwanza sheria inawaruhusu kukataza nini.

Tena kitambaa hicho kina historia nyingine. Novemba 2014 magaidi walilisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28, wakiwemo walimu kadhaa waliokuwa wakienda likizo. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2015, basi jingine lilisimamishwa katika kaunti hiyo hiyo na abiria wakaamriwa wajitenge. Waislamu wakakataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika vichwa ili wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, naye akafariki hospitalini Nairobi mwezi wa Januari 2016. Filamu ya Watu Wote iliyotengenezwa mwaka wa 2017 imeonyeshwa katika shule nyingi, na walimu wafanya vyema kuionyesha. Ningependa tu wanafunzi waulizwe, taa zikishawashwa, kama kitambaa kile kile kilichofaa kumfunika Mkristo kichwa ndani ya basi kinakuwa hatari kikiingia darasani.

Narudi kwa kijana wangu. Uwongo haukai siku nyingi katika bweni. Siku ya tatu wenzake wawili walimweleza. Hakupiga kelele wala hakuandika barua kwa mkuu wa idara. Aliacha kuhudhuria mihadhara yangu kwa majuma mawili. Nilipomwita ofisini alikuja, akasimama mlangoni.

"Karibu, keti," nikamwambia.

"Nashukuru, Mwalimu. Nitasimama."

Nikamwomba radhi. Nilisema kamati ilifanya makosa, na kwamba mimi kama mlezi wake sikuwa mwangalifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nilikuwa karibu alipoulizia nyama. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama nilisikia. Nikamwambia nilisikia.

Alinyamaza kitambo. "Kwetu, Mwalimu," akasema, "aliyekula bila kujua hana dhambi. Nimemwuliza sheikh. Mimi sina neno juu yangu mwenyewe."

Alirudi darasani juma lililofuata, akaketi safu ya nyuma, akafaulu mtihani wake vizuri. Katika idara ninayofundisha sasa tuna karamu kila mwaka, na mimi ndiye ninayetembea hadi sokoni siku moja kabla kumwomba mzee aje na kisu chake. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja wa kilokole alinijia akasema kwamba yeye, kwa dhamiri yake, hawezi kuila nyama hiyo. Tulimkaangia mayai, na nikamwagiza mpishi atumie sufuria nyingine.