Kuku Anapodonolewa na Wenzake: Tiba ya Jeraha na Usalama wa Mayai

Katika kaya nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita, kuku wa mayai ni akiba ya nyumba. Wakati wachimbaji wadogo wakisubiri mawe yatoe dhahabu, trei la mayai ndilo linalonunua sabuni, madaftari na nauli ya kumpeleka mtoto zahanati. Kwa hiyo tetea anapokutwa asubuhi amelowa damu mgongoni au kwenye njia ya kutagia, mwenye kuku hushika dawa iliyo karibu. Mara nyingi dawa hiyo ni kapsuli za antibayotiki zilizobaki baada ya mgonjwa wa nyumbani kupata nafuu. Hapo ndipo jeraha la kuku linapogeuka kuwa suala la afya ya binadamu.

Kwa nini kuku hudonoana

Mwaka 1921 mtafiti wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza kwamba kuku wa kundi moja huishi kwa ngazi ya ukubwa: kila mmoja anamjua anayeweza kumdonoa na yule anayepaswa kumpisha. Kudonoana kwa namna hiyo ni jambo la kawaida wala hakuachi kidonda. Kunyonyoana manyoya na kutoboana ngozi ni jambo jingine, na daima kuna kitu bandani kinachokuchochea.

Sababu ya kwanza ni msongamano, hasa pale kuku wanapozidi 5 au 6 kwa kila mita 1 ya mraba. Sababu nyingine ni joto kali chini ya bati, mwanga mkali, uhaba wa vyombo vya maji na chakula, pamoja na chawa na utitiri. Chakula nacho kina sehemu kubwa. Kuku anayetaga anahitaji protini ya takribani asilimia 16 hadi 18, na chumvi kiasi. Mchanganyaji akipunguza dagaa na mashudu kwa sababu ya bei na kuongeza pumba, kuku huanza kutafuta protini kwenye manyoya ya wenzao.

Kuna pia sababu ya kimaumbile. Mara baada ya kutaga, utando mwekundu wa njia ya kutagia hubaki nje kwa muda mfupi. Tetea akiwa ametaga mahali peupe pasipo na kiota, wekundu huo huwavuta wenzake. Kuku mgonjwa pia hudonolewa kwa urahisi. Kwa hiyo anayemtibu majeruhi na aangalie kama ana dalili za ugonjwa mwingine, hasa mdondo, ambao chanjo yake ya I-2 inayostahimili joto hutolewa kwa tone jichoni kila baada ya miezi 3 au 4.

Huduma ya kwanza

Hatua ya kwanza ni kumtenga majeruhi. Kuku huvutwa na rangi ya damu, na wanaweza kumuua mwenzao kwa muda mfupi. Awekwe kwenye boksi au kizimba kikavu, chenye kivuli na utulivu, karibu na maji safi na chakula bora.

Hatua ya pili ni kuzuia damu. Kitambaa safi kibanwe juu ya jeraha kwa dakika 5 bila kufunuafunua. Damu ikikoma, manyoya yanayozunguka kidonda yapunguzwe kwa mkasi ili yasigandamane na usaha.

Hatua ya tatu ni kusafisha. Maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko 1 cha chai cha chumvi kisichofurika, yanatosha kwa majeraha mengi. Yamiminwe kwa wingi hadi uchafu utoke. Baada ya hapo ayodini ya povidoni iliyozimuliwa hadi ifanane na chai hafifu inaweza kupakwa. Spiriti, mafuta ya taa, majivu na maji ya betri visitumike, kwani huua chembe hai ambazo ndizo zinazojenga ngozi mpya.

Wafugaji wengi hupaka dawa ya zambarau, iitwayo GV, kwa kuwa huficha wekundu wa damu. Dawa hiyo haifai kwa mnyama wa chakula. Mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada iliwatahadharisha wananchi kuhusu uwezekano wa dawa hiyo kuchangia saratani. Kumtenga kuku hadi kidonda kikauke hutimiza lengo lile lile bila hatari hiyo.

Hatua ya nne ni kuzuia nzi. Katika joto la Shinyanga mayai ya nzi hugeuka funza ndani ya siku 1 hivi, kwa hiyo kizimba kifunikwe kwa chandarua na kidonda kikaguliwe asubuhi na jioni. Funza wakionekana, watolewe mmoja mmoja kwa kibano, kisha kidonda kioshwe upya.

Njia ya kutagia ikiwa imechomoza, ioshwe, ilainishwe kwa maji safi na kurudishwa taratibu kwa kidole chenye glavu. Kuku huyo abaki gizani kwa siku kadhaa ili utagaji upungue. Ikichomoza tena na tena, au utumbo ukiwa umevutwa nje, haifai kumwacha ateseke, achinjwe haraka. Nyama ya kuku mwenye kidonda kilichooza, au aliyekwisha kupewa dawa, isiliwe.

Kapsuli za binadamu hazina nafasi bandani

Jeraha safi lisilo na usaha halihitaji antibayotiki. Hata pale inapohitajika, kumwagia kapsuli kwenye ndoo ya maji ni kubahatisha. Kuku mgonjwa hunywa maji kidogo, naye hupata dozi ndogo, huku wenzake wazima wakinywa dawa wasiyoihitaji. Kwa kuku wa mayai kuna tatizo jingine. Chakula chao kina kalisi nyingi kwa ajili ya ganda la yai, na kalisi huishika tetrasaiklini tumboni isiingie mwilini vizuri. Ndiyo sababu mgonjwa wa hospitali naye huambiwa asimeze dawa hiyo pamoja na maziwa.

Dozi hafifu hufundisha bakteria kustahimili dawa. Bakteria hao hutoka bandani kwa mikono, kinyesi, maji na mayai, kisha hukutana na mama mwenye maambukizi ya mkojo au mtoto mwenye homa. Mpango wa kwanza wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, wa mwaka 2017 hadi 2022, uliunganisha sekta za binadamu na mifugo kwa sababu hiyo.

Daktari wa mifugo akiandika dawa, mfugaji aulize swali moja kabla ya kuondoka: mayai yasiliwe wala kuuzwa kwa siku ngapi? Kipindi hicho huandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Baadhi ya dawa haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Mayai ya kipindi hicho yafukiwe. Kumpa jirani au kumlisha mtoto si huruma.

Hatari ya ukanda wa dhahabu

Katika maeneo ya uchenjuaji, tiba njema huweza kuharibiwa na mazingira. Kuku humeza udongo anapochakura. Banda likiwa karibu na karasha, mwalo au mahali pa kuchomea zebaki, metali nzito zinaweza kuingia mwilini mwake na katika yai, na yai halisafishiki kwa kuchemshwa. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, mamia ya watoto walifariki kwa sumu ya risasi baada ya mawe ya dhahabu kusagwa katika makazi. Miamba hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, lakini fundisho ni lile lile: uchenjuaji na chakula visikae ua mmoja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na utekelezaji wake huanzia nyumbani.

Kwa hiyo mchanga wa marudio usitandikwe bandani. Pumba za mpunga au maranda ya mbao hufaa zaidi. Madumu yaliyobeba sianidi au kemikali nyingine yasigeuzwe vyombo vya kunyweshea, na karai la zebaki lisitumike kuoshea kidonda.

Kumrudisha kundini

Ngozi ikishafunga na wekundu ukaisha, kuku awekwe kwanza nyuma ya wavu ndani ya banda lile lile, waonane kwa siku kadhaa. Kisha arudishwe usiku, wenzake wakiwa wamelala. Akionekana mdonoaji mmoja sugu, atengwe yeye.

Banda lisiporekebishwa, majeruhi mwingine atapatikana. Kuku wapunguzwe, hewa ipite, kila matetea 4 au 5 wapate kiota 1 chenye giza, na mboga za majani zining'inizwe wapate cha kudonoa. Kukata midomo ya kuku wakubwa kwa kisu cha moto nyumbani ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza mateso ya namna hiyo.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Mgonjwa wa kuhara, hasa mtoto, aulizwe kama kuna kuku nyumbani na kama mikono huoshwa kwa sabuni baada ya kuwashika. Anayepewa antibayotiki aelezwe kumaliza dozi, na kwamba dawa hiyo si ya kuku. Mwenye mikono inayotetemeka, au mtoto mwenye degedege au upungufu wa damu usioeleweka katika maeneo ya machimbo, aulizwe kuhusu zebaki, usagaji wa mawe na mahali kuku wanapochakura. Jibu likitia shaka, apewe rufaa kwa uchunguzi, na ofisa mifugo wa kata ajulishwe ili naye alikague banda.